Enka iliyovunjika haikandwi: tuongee kuhusu hogo, vyuma, antena na muda wa kuwahi

KIFUNDO (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Kazi yangu ni mazoezi tiba. Wanaofika kwangu ni watu waliokwisha kupita kwa daktari wa mifupa: wengine wamepasuliwa, wengine wametolewa hogo, ile plasta ngumu ya kushikilia mfupa, juzi tu. Ila kuna kundi ambalo kila nikilipokea linaniuma. Mtu kaanguka na bodaboda au kateleza bafuni, enka, yaani kifundo cha mguu, ikavimba, akakandwa kwa maji ya moto na chumvi, akachuliwa, akafungwa kitambaa, kisha anakuja kufika hospitali mwezi wa tatu mguu umepinda kwa nje. Ikipigwa picha, mfupa umeshaunga, lakini umeungia pasipo pake. Operesheni ambayo ingekuwa ya kawaida kabisa sasa ni ya kuvunja upya, au ya kugandisha kiungo kizima kisicheze tena maisha yake yote. Na hilo lilikuwa linazuilika.

Nieleze kwa nini enka haisamehe. Pale pana mifupa mitatu. Tibia, ule mfupa mkubwa wa muundi, unashuka na kutengeneza dari pamoja na nundu ya ndani. Fibula, mwembamba wa pembeni, unatengeneza nundu ya nje. Katikati yao kuna talasi, ambayo imeingia humo kama ulimi wa ubao ndani ya tundu lake seremala anapounga fremu ya mlango. Ikikaa sawasawa, uzito wa mwili unasambaa eneo lote. Mwaka 1976 Ramsey na Hamilton walichapisha vipimo walivyofanya kwenye miguu ya maiti: talasi ikisogea kwa nje milimita 1 tu, eneo linalogusana na dari yake hupungua kwa asilimia 42. Uzito ni uleule, eneo la kuubeba limebaki nusu na kidogo. Gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, inasagika, na baada ya miaka mtu wa miaka 35 anatembea kama mzee. Nyonga na goti huchakaa zaidi kwa umri. Enka ni tofauti: zaidi ya theluthi mbili ya enka zilizochakaa chanzo chake ni jeraha la zamani.

Sasa utajuaje kwamba hii ni ya kupigwa picha na si kuteguka tu? Madaktari wa Ottawa, Kanada, walichapisha kanuni mwaka 1992 ambazo hata mtu wa nyumbani anaweza kuzielewa. Bonyeza kwa kidole ukingo wa nyuma na ncha ya nundu ya nje, kisha ya ndani, ukipanda juu yake sentimita 6 hivi. Ukigusa mfupa wenyewe na mtu akaruka kwa maumivu, nendeni mkapige eksirei. Au kama hakuweza kupiga hatua 4 pale alipoumia, na hata mnapomchunguza hawezi, nendeni. Hatua za kuchechemea zinahesabika. Ukingo wa nje wa wayo, pale mfupa wa kidole kidogo unapoanzia, na mfupa ulio juu ya upinde wa ndani wa wayo, navyo vibonyezwe. Kwa mtu aliyelewa, mtoto mdogo, au mwenye sukari ambaye miguu imeshapoteza hisia, msizitegemee kanuni hizi. Pigeni picha tu.

Karibuni tujadili. Mwenye swali aulize, mwenye uzoefu aseme.

CHUMBAGENI

Mkuu nimesoma huu uzi mikono inatetemeka. Mdogo wangu ni dereva wa boda. Jumamosi usiku gari lilimchomekea, pikipiki ikamlalia mguu wa kulia. Yuko nyumbani, kuna mzee anamchua asubuhi na jioni kwa mafuta. Umevimba mpaka vidole, nundu ya nje imekuwa nyeusi, na leo ameota malengelenge. Ila vidole anachezesha vizuri, ndiyo maana mzee anasema haujavunjika.

KIFUNDO

Chumbageni, pole sana. Simamisheni kuchua sasa hivi.

Kuchezesha vidole hakuthibitishi chochote. Misuli mikubwa inayovuta vidole iko juu kwenye muundi, inatuma kano zake chini zikipita mbele na nyuma ya enka. Fibula inaweza kuwa imekatika vipande viwili na vidole vikacheza.

Angalia haya kisha unijibu. Wayo umeelekea upande uleule wa goti, au umekwenda pembeni? Vidole vina joto kama vya mguu wa pili? Bonyeza ukucha wa kidole gumba mpaka uwe mweupe, uachie: rangi inarudi ndani ya sekunde 2? Anahisi ukimgusa kati ya vidole? Kama wayo umepinda au vidole ni vya baridi, usisubiri kunijibu. Enka iliyochomoka inabana ngozi na mishipa, na inatakiwa irudishwe saa hiyohiyo hospitali.

Malengelenge msiyatoboe. Kateni boksi gumu, lizungushieni mguu kuanzia chini ya goti mpaka chini ya wayo, wekeni nguo laini ndani, fungeni kwa kanga bila kukaza. Mpandisheni kwenye gari mguu ukiwa juu ya mto. Asipakiwe mishikaki kwenye boda mguu unaning'inia, tafadhali.

Kwenye hili la usafiri huwa namkumbuka Percivall Pott, daktari wa upasuaji wa London ambaye jina lake bado linatajwa kwenye mivunjiko ya enka. Mwaka 1756 alianguka kutoka kwenye farasi akavunjika mguu, mfupa ukatoka nje. Inasimuliwa kwamba alikataa kunyanyuliwa hadi ulipoletwa mlango, ukapigiliwa miti, akabebwa juu yake kama machela. Wenzake walikuwa tayari kuukata mguu huo. Haukukatwa.

MWANAKWEREKWE

Assalaam alaykum. Ndugu Kifundo, mimi sikubaliani na kuwatupa wazee wetu. Bibi yangu, Mungu amrehemu, akichua watu hapa Unguja na wakipona. Watu walikuja kwa gongo wakaondoka wanatembea. Hilo nimeliona kwa macho yangu.

KIFUNDO

Wa alaykum salaam. Nakuamini kabisa, na bibi sikumtaja kwa ubaya.

Enka nyingi zinazovimba hazijavunjika. Ni kano za pembeni, hasa ile ya mbele ya nundu ya nje, zimevutika au zimechanika. Hizo hupona zenyewe ndani ya wiki kadhaa ukipumzisha, ukafunga bendeji, ukaanza kutembea taratibu. Kwa hiyo mtu akichuliwa kwa upole siku ya kumi atatembea, na asipochuliwa siku ya kumi atatembea. Sifa inakwenda kwa mchuaji, na hapo hakuna aliyeumia. Shida inakuja kwa yule mmoja aliyevunjika ambaye kwa nje anafanana kabisa na wale wengine. Mikono haiwezi kumtofautisha, hata iwe ya mtu mwenye hekima kiasi gani. Picha inaweza. Picha ikionyesha mfupa uko salama, mchueni kwa mafuta ya nazi baada ya uvimbe kupungua, sina ugomvi.

BEKI TATU

Mkuu mimi enka ya kushoto inateguka kila baada ya mechi mbili. Hata nikikanyaga kokoto barabarani inaenda. Picha nimepiga, hamna kilichovunjika. Daktari mmoja aliniambia nifanyiwe operesheni. Kweli inahitajika?

KIFUNDO

Inawezekana, ila uliza kwanza umefanya mazoezi ya kweli kwa miezi mitatu hivi au ulipumzika tu. Kano ikichanika inapoteza pia ile taarifa inayopeleka kwenye ubongo kwamba wayo umeanza kupinda. Misuli ya pembeni ya muundi inachelewa kushtuka. Simama kwa mguu mmoja pembeni ya ukuta, macho wazi, baadaye macho umefumba. Kisha simama juu ya mto. Kisha rusha mpira ukutani na kuudaka ukiwa umesimama hivyohivyo. Ongeza kuvuta ukanda wa mpira kwa wayo kuelekea nje. Wengi wanarudi uwanjani bila kisu.

Wasiorudi ndio wa operesheni. Inayofanywa sana ni ya Broström, daktari wa Sweden aliyeichapisha mwaka 1966: kano ileile iliyolegea inafupishwa na kushonwa upya kwenye fibula. Baadaye ikaongezewa tishu ya jirani kuipa nguvu. Ni nzuri, lakini hata hiyo bila mazoezi haikamiliki.

NJIA PANDA

Samahani nachomekea. Mimi ni kisigino kwa nyuma, nilisikia "paa!" kama mtu kanipiga teke, nikageuka hakuna mtu. Tangu hapo siwezi kusimama kwa ncha za vidole.

KIFUNDO

Hiyo ni kano ya Akile, karibu nina uhakika. Lala kifudifudi wayo ukining'inia nje ya kitanda, mtu akuminye shavu la mguu. Wayo usipoinama kuelekea chini, kano imekatika. Nenda hospitali leo, wasikukunje wayo kuelekea juu.

Si lazima kupasuliwa. Utafiti mkubwa wa Norway uliochapishwa 2022 uliona kwamba baada ya mwaka mmoja waliopasuliwa na wasiopasuliwa walikuwa na hali sawa kwa matumizi ya mguu. Tofauti ilikuwa kukatika tena: asilimia 6.2 kwa wasiopasuliwa, asilimia 0.6 kwa waliopasuliwa. Upande wa pili, kisu kina hatari zake za mishipa ya fahamu na kidonda. Ongea na daktari wako, ila uanze matibabu mapema, wayo ukiwa umefungwa kwa kuelekea chini.

CHUMBAGENI

Wakuu nimerudi. Tumempeleka. Mzee alikasirika kidogo, tukamweleza akaelewa. Wamepiga picha, daktari kasema Weber B, talasi imehama kwa nje, na upande wa ndani nundu imebanduka. Wamemchoma dawa, wakavuta mguu ukarudi, wakaweka hogo la nusu. Sasa kinachotuchanganya: wanasema hawapasui mpaka uvimbe ushuke, labda wiki nzima. Si wewe ulisema tuwahi?

KIFUNDO

Mungu mkubwa. Mmewahi vizuri sana.

Nifafanue hilo la Weber kwa wote. Wanaangalia fibula imevunjika usawa gani ukilinganisha na kano inayoifunga na tibia juu kidogo ya kiungo. Chini ya hapo ni A, mara nyingi hogo au buti la tiba linatosha. Usawa wa hapo ni B, na hapo uamuzi unategemea upande wa ndani: ukiwa mzima na talasi imetulia, hogo linaweza kutosha. Ukiwa umekwenda kama wa mdogo wako, kiungo hakina kinachokishika, ni vyuma. Juu ya hapo ni C, mara nyingi ile kano ya kuunganisha imechanika pia, na ni vyuma.

Kuhusu kusubiri: kuwahi ni kurudisha kiungo mahali pake, na hilo limeshafanyika. Kupasua ni jambo la pili. Ngozi ya enka haina nyama chini yake. Ukiikata ikiwa imetuna kama puto na ina malengelenge, kidonda hakifungi, na chini yake kuna chuma. Uchafu ukifika kwenye chuma mnaanza safari ndefu ya kusafisha, antibiotiki, pengine kutoa vyuma vyote. Daktari anasubiri kuona mikunjo midogo ya ngozi inarudi juu ya nundu, kwa kawaida kati ya siku ya 7 na ya 14. Ikizidi sana wiki mbili au tatu mfupa unaanza kushikana vibaya na kazi inakuwa ngumu, ndiyo maana ndani ya siku hizo kazi yenu ni moja: mguu juu ya usawa wa moyo, mito miwili au mitatu, usiku na mchana. Akiketi kitandani mguu unaning'inia akichati, uvimbe haushuki.

Maumivu yakizidi badala ya kupungua, vidole vikifa ganzi au kuwa baridi, aite muuguzi hogo lilegezwe. Asivumilie kiume. Na asivute sigara kabisa, inachelewesha mfupa na kidonda.

MTO TANA

Salamu kutoka Kenya. Mamangu ana miaka 71, ameanguka shambani, enka imevunjika na imesonga. Ako na sukari pia. Daktari mmoja anasema vyuma, mwingine anasema plasta. Tufuate nani?

KIFUNDO

Pole kwa mama. Wote wawili wanaweza kuwa na hoja. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2016 ulifuata watu wa zaidi ya miaka 60 wenye enka zisizotulia: wengine walipasuliwa, wengine walirudishiwa mfupa wakiwa wamelazwa usingizi na kufungwa hogo lililobana vizuri kufuata umbo la mguu. Baada ya miezi 6 matumizi ya mguu yalikuwa sawa. Waliopasuliwa walipata shida zaidi za vidonda, na wa hogo waliungia vibaya zaidi, wengine ikabidi wapasuliwe baadaye.

Lakini mama ana sukari, na hilo linabadilisha mambo. Muulize daktari kama miguu yake bado ina hisia, mapigo ya juu ya wayo yanasikika, na kipimo cha wastani wa sukari yake kwa miezi mitatu kinasoma ngapi. Mguu usio na hisia mtu anaukanyaga umevunjika asijue, na kiungo kinaweza kusambaratika. Wenye sukari ya namna hiyo madaktari wengi huwaongezea vyuma na kuongeza muda wa kutokanyaga hadi mara mbili ya wengine. Akifungwa hogo, picha irudiwe kila wiki kwa wiki za mwanzo. Hogo analofungwa mtu kisha akaambiwa aje baada ya wiki 6 bila picha katikati, hilo halifai.

GEZAULOLE

Antena ni kwa ajili gani? Jirani kawekewa, vyuma vinatoka nje ya ngozi, watoto wanamkimbia.

KIFUNDO

Ni vyuma vya kushikilia kwa nje. Huwekwa pale mfupa ulipochana ngozi, au dari ya tibia imesagika kwa kuanguka kutoka juu, au uvimbe ni mkubwa mno hogo halifai. Inashika mifupa urefu wake huku kidonda kinatibiwa. Mfupa uliotoka nje unahitaji antibiotiki mapema iwezekanavyo, sindano ya pepopunda na kuoshwa chumba cha upasuaji, mengine yanafuata. Jirani asafishe pale vyuma vinapoingia kama alivyofundishwa, akiona usaha arudi.

MAMA TUNU

Mimi niseme la kwangu. Niliumia zamani, nikatibiwa kienyeji, nikatembea na maumivu kwa miaka. Mwisho nimegandishwa enka. Nashukuru, maumivu yale ya kunikesha yameisha na natembea sokoni na kurudi. Ila choo cha kuchuchumaa siwezi, imebidi mume wangu ajenge cha kukalia. Kuswali naswali kwenye kiti kwa sababu wayo haukunjiki kukaa tahiyatu. Kupanda kilima ndiyo mtihani, kushuka ndiyo zaidi. Kaka wa Chumbageni, mshike mdogo wako asikimbie hospitali.

KIFUNDO

Asante sana Mama Tunu, ulichosema hapa sijakikuta kwenye karatasi yoyote ya kliniki.

Niongeze tu: kugandisha ni kuondoa gegedu iliyoharibika na kufunga talasi na tibia kwa skrubu ili ziwe mfupa mmoja. Viungo vya chini yake vinabaki na mwendo kidogo, ndiyo maana mtu anaweza kutembea vizuri kwenye tambarare. Viungo bandia vya enka vipo duniani na vinazidi kuwa bora, lakini kwa kijana anayebeba mizigo au kuendesha boda, kugandisha bado kunadumu zaidi. Kiatu chenye soli iliyopinda mbele kama mtumbwi kinasaidia mno, mafundi viatu wa hospitali za mifupa wanatengeneza.

CHUMBAGENI

Amepasuliwa jana. Alichomwa ganzi ya mgongo, anasema alikuwa anasikia drili lakini hakuna maumivu. Nje wameweka bamba na skrubu, ndani skrubu mbili, na moja ndefu inayopita kutoka fibula kwenda tibia. Daktari ameridhika na picha. Maswali yake matatu: akanyage lini, skrubu zitatolewa, na arudi barabarani lini? Boda ni ya mkataba, tajiri anapiga simu.

KIFUNDO

Hongereni nyote, na huyo daktari kafanya kazi.

Kukanyaga: kwa enka ya kawaida iliyofungwa vyuma vizuri, utafiti wa Uingereza uliotoka kwenye jarida la udaktari la Lancet 2024 ulionyesha kuanza kukanyaga wiki ya 2 hakukuwa na matokeo mabaya kuliko kusubiri wiki ya 6. Lakini yeye ana ile skrubu ndefu, kwa hiyo tarehe aipokee kwa daktari wake, wengi watamwambia wiki 6 au zaidi. Asilinganishe na wa kitanda cha jirani. Kutokanyaga si kulala. Vidole, goti na nyonga vichezeshwe kila siku, na hogo likitolewa tu aanze kuandika herufi hewani kwa kidole gumba. Shavu la mguu likivimba na kuuma ghafla, au akikosa pumzi, ni hospitali bila kusubiri asubuhi. Hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda.

Skrubu ndefu: wengine huitoa kati ya wiki ya 8 na ya 12, wengine wanaiacha, ikilegea au kukatika ndani mara nyingi haina madhara. Bamba linabaki, isipokuwa likimsumbua kwenye kiatu au likipata uchafu, na hata hapo mfupa uwe umeunga kabisa. Kabla ya operesheni ya kutoa, ulizeni bima inagharamia nini.

Barabarani: mguu wa kulia ndio wa breki ya nyuma. Wamarekani waliwapima madereva wa magari mwaka 2003, na kasi ya kukanyaga breki ilirudi kawaida wiki ya 9 baada ya kupasuliwa enka ya kulia. Boda ni nzito zaidi, kwenye foleni unaishikilia kwa miguu yote miwili na abiria mgongoni. Mimi siwaruhusu wangu mpaka wasimame kwa mguu ule peke yake, wanyanyuke kwa ncha za vidole mara kadhaa bila kushika ukuta, na wakanyage breki kwa nguvu pikipiki ikiwa imezimwa bila kukunja uso. Kwa wengi ni miezi mitatu hadi minne. Mwambieni tajiri hivyo, mumpelekee na barua ya daktari, na kama inawezekana mtafute dereva wa kushika chombo kwa muda ili mkataba usivunjike. Tarehe ya kutoa nyuzi ikifika, andika hapa kidonda kikoje.